Majeruhi wa Kuigiza: Anachopima Mtu Aliyelala Chini

Mwokoaji anayefika kwenye ajali yenye watu 40 chini amefundishwa jambo moja ambalo ni gumu kulitii: anayepiga kelele kuliko wote asimkimbilie kwanza. Mwenye yowe ana pumzi, na mwenye pumzi ya kulia anaweza kusubiri kidogo. Wa kukimbiliwa ni yule aliyejiinamia kimya pembeni, uso umempauka, anatweta, wala hamwiti mtu. Darasani kila mmoja anaitikia ndiyo. Siku yenyewe ikifika, vumbi halijatulia, mama mmoja amekushika suruali anakulilia umtafutie mwanawe, miguu inakwenda kwenye kelele bila kuulizwa.

Ndiyo maana zoezi la dharura linahitaji watu hai wa kulala chini na kujifanya wameumia. Siku hizi kuna midoli ya mafunzo inayopumua, yenye mapigo ya moyo na hata inayotoka damu, lakini hakuna inayomng'ang'ania mtu miguuni. Hakuna inayoinuka ikatangatanga hadi nje ya uzio, wala inayomdanganya muuguzi kwamba haiumwi kitu ili iachiwe ikamtafute mumewe. Watu wakiumia hufanya hayo yote. Anayejitolea kuwa majeruhi wa kuigiza anakuja kuleta fujo hiyo kwenye zoezi, kwa kipimo kilichopangwa.

Wengi wakialikwa hudhani wanaitwa kwenye maigizo. Kuigiza kupo, ila ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kubeba taarifa za hali yako, kuzitoa kwa yule tu aliyeuliza inavyopaswa, na kukumbuka ulivyotendewa tangu ulipolala hadi ulipofikishwa kitandani. Wewe ndiye kipimo chenyewe, na kipimo kikiwa kibovu, zoezi lote linatoa majibu ya uongo.

Nani kaamuru zoezi lifanyike

Katika nchi zetu, mazoezi yanayoita watu wengi wa kujitolea ni yale ya viwanja vya ndege, na sababu yake iko kwenye kanuni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliweka misingi ya usafiri wa anga wa kimataifa. Kiambatisho chake cha 14, kilicho chini ya Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa (ICAO), kinataka kiwanja kiwe na mpango wa dharura, na mpango huo upimwe kwa zoezi kamili kila baada ya muda usiozidi miaka 2. Kati ya zoezi kamili moja na jingine, yafanyike mazoezi ya sehemu ili kuhakikisha kwamba kasoro zilizoonekana zimerekebishwa. Upo pia mpangilio mwingine, wa majaribio ya vipande yanayofikia kilele kwa zoezi kamili katika muda usiozidi miaka 3. Kwa hiyo moshi ukifuka pembeni mwa njia ya ndege, ving'ora vikalia, na jioni taarifa ya habari ikasema lilikuwa zoezi la kupima utayari, hakuna meneja aliyeamka asubuhi akajisikia kufanya hivyo. Tarehe ilikuwa inamsubiri.

Kiambatisho hichohicho kinataka magari ya zimamoto ya kiwanja yafike popote kwenye njia ya ndege inayotumika kwa muda usiozidi dakika 3. Hilo linapimwa kwa saa ya mkononi, bila majeruhi hata mmoja. Shida iko kwenye mambo yanayofuata. Nani anashika amri pale uwanjani, zimamoto au polisi? Majeruhi wanakusanyiwa wapi, na upepo unapeleka moshi upande gani? Gari la wagonjwa kutoka hospitali ya mkoa linaingilia geti lipi, na mlinzi wa geti hilo ameambiwa au atadai kitambulisho cha kiwanja? Ndugu watakaofika wakilia wanapelekwa chumba gani, na nani atawasomea majina? Hayo hayajulikani mpaka kuwe na mwili wa kubebwa kutoka hapa hadi pale.

Yapo mazoezi ya aina nyingine yasiyohitaji mtu wa kulala chini. La mezani ni la wakuu: wanakaa, wanasomewa mkasa, kila mmoja anaeleza ofisi yake ingefanya nini. Lina faida yake, ila mezani kila gari lina mafuta na kila simu inapokelewa. La sehemu hupima kipande kimoja tu, tuseme redio za mawasiliano. Kamili ndilo linalotoka nje na magari, ngazi, machela na watu.

Kadi yako na rangi yako

Asubuhi ya zoezi unapewa kadi. Tuseme imeandikwa hivi: "Mwanamume, miaka 35. Umetoka kwenye ndege ukabebwa na abiria mwenzako, kakuacha kwenye nyasi. Huwezi kusimama. Pumzi 36 kwa dakika. Mapigo ya mkononi yapo. Unasikia na unatii. Maumivu makali kifuani upande wa kulia. Huna jeraha la nje. Usiseme mpaka uulizwe."

Mwenzako aliyelala hatua chache kutoka ulipo naye ana yake: "Mwanamke, miaka 22. Umechanika kichwani, damu imejaa usoni hadi kwenye blauzi. Unatembea. Unapiga kelele bila kukoma." Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi hata kwa jeraha dogo, na waandaaji wanajua hivyo. Kadi hizi mbili zimetungwa kwa pamoja, na aliyezitunga anataka kuona mwokoaji atamwendea nani.

Kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, kazi ambayo wahudumu wa afya wanaiita triaji, kuna taratibu kadhaa. Unaojulikana sana ni START (kifupi cha Kiingereza cha "triaji nyepesi na tiba ya haraka"), uliobuniwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California, na zimamoto wa mji huo wakishirikiana na Hospitali ya Hoag. Sifa yake ni kwamba hauhitaji kifaa chochote cha kupimia. Kila majeruhi anavikwa utepe wa rangi: nyekundu ni wa kuhudumiwa mara moja, njano anaweza kusubiri, kijani ameumia kidogo, nyeusi amekufa au hakuna la kumfanyia. Mwokoaji anapaza sauti: anayeweza kutembea aje huku. Wote wanaoinuka wanapewa kijani. Kisha anaanza na aliye karibu naye. Kama hapumui, anamfungulia njia ya hewa. Asipopumua hata baada ya hapo, anavikwa nyeusi na mwokoaji anasonga mbele. Akianza kupumua, nyekundu. Kwa anayepumua, zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Aliye chini ya hapo anashikwa kifundo cha mkono kutafuta mapigo, au anabonyezwa ukucha: mapigo yakikosekana, au rangi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, nyekundu. Akivuka hapo anapewa amri nyepesi, kama kubana vidole vya mwokoaji. Akishindwa kutii, nyekundu. Aliyevuka vyote lakini hawezi kutembea ni njano. Yote hayo ndani ya dakika moja kwa kila mtu, na tiba inayoruhusiwa njiani ni ndogo sana: fungua njia ya hewa, zuia damu inayomwagika kwa wingi, nenda kwa mwingine.

Rudi sasa kwenye kadi. Mwanamume asiye na tone la damu, kwa pumzi zake 36, ni mwekundu. Mwanamke aliyelowa damu na anayetembea ni wa kijani. Msimamizi ana orodha ya majibu mfukoni, na zoezi likiisha analinganisha rangi ambazo kila mmoja alivikwa na rangi alizostahili. Waliopandishwa bila sababu wamekula magari ya wagonjwa na vitanda vya upasuaji. Walioshushwa, kwenye ajali ya kweli, wangekuwa wamekufa wakingoja zamu yao.

Hapa majeruhi wengi wa kuigiza huharibu kazi kwa wema wao. Mwokoaji akikukaribia tu unamwambia "pumzi zangu ni 36," umempa jibu la mtihani ambao hajaufanya. Taratibu nzuri ni kadi kukaa ndani ya shati. Akihesabu pumzi zako kwa kutazama kifua, ndipo unamtajia namba iliyoandikwa. Akiweka vidole kwenye kifundo cha mkono, unamwambia kama mapigo yapo au hayapo. Asipogusa, usiseme, na asipogusa kabisa, likumbuke hilo, kwa sababu ndilo jambo kubwa utakalolipeleka kwenye tathmini. Mimi kwa maoni yangu kadi za kuning'iniza shingoni maandishi yakiwa nje zingepigwa marufuku. Zinapima kama mwokoaji anajua kusoma.

Kwa sababu hiyohiyo nina wasiwasi na desturi ya kuwajaza wanafunzi wa uuguzi kwenye nafasi za majeruhi. Wanapatikana kwa urahisi, wana nidhamu, na wenyewe wananufaika kwa kuona kazi. Lakini mwanafunzi wa uuguzi anajua anachotafutwa. Atanyoosha mkono wa kupimwa kabla hajaombwa, atalala kwa upande unaofaa, atajibu kwa mpangilio wa kitabuni. Muuza nguo, mwalimu wa sekondari na fundi gereji hawajui chochote, nao ndio abiria wenyewe.

Kadi nyingine zina upande wa pili. Kama hujahudumiwa kwa dakika kadhaa, unaigeuza, na huko imeandikwa kwamba sasa huitikii, au pumzi zimepungua. Lengo ni kupima kama kuna anayerudi kuwakagua wa njano. Triaji hairudiwi inavyostahili, na mtu hubaki na rangi ya saa moja iliyopita huku hali yake imeshabadilika.

Ukipangiwa nyeusi utachoka mapema. Mwokoaji atakuinua kidevu, atasikiliza, atakufunga utepe na kuondoka, na kuanzia hapo hakuna wa kukusemesha. Ni nafasi yenye maana kuliko inavyoonekana. Kumwacha mtu na kuendelea na mwingine ni kitu ambacho daktari aliyezoea wodi, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, hajawahi kukifanya. Mara kadhaa utaona mtu anarudi kwa mweusi, anaanza kumkandamiza kifua, na wekundu wawili wanabaki bila mtu. Heri hilo limtokee kwa mtu atakayeinuka baadaye na kwenda kula wali.

Damu, majivu na nzi

Ufundi wa kutengeneza majeraha una historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilitoka vitani. Mwaka 1942, Waingereza waliokuwa wakifundisha waokoaji wa nyumba zilizobomolewa kwa mabomu, huko Leatherhead kusini mwa London, waliona kwamba mwokoaji hajifunzi kitu kwa mtu anayelala kifusini akitabasamu. Wakaanzisha chama cha watu wa kujitolea, Casualties Union, wanaojifunza kuumia kwa usahihi: ngozi inavyopauka mtu akiishiwa damu, mtu anavyoushika mkono uliovunjika, anavyozungumza aliyegongwa kichwa. Baadaye, mwaka 1963, daktari wa neva wa Kimarekani, Howard Barrows, alipeleka wazo la namna hiyo kwenye mitihani ya udaktari kwa kumfundisha mtu mwenye afya yake aigize mgonjwa ili wanafunzi wapimwe. Hizo ni kazi mbili tofauti. Mgonjwa wa mtihani anakaa na mtu mmoja chumbani, wewe unalala uwanjani na makumi ya wenzako.

Vifaa vyenyewe havitishi: rangi ya chakula, glisirini, nta, gundi ya mpira, karatasi laini za tishu, mkaa uliosagwa. Tishu zikibandikwa kwa gundi kisha zikachanwachanwa na kupakwa rangi hutoa ngozi iliyoungua. Kipande cha mfupa wa kuku kikisimikwa kwenye nta ni mfupa uliotoboa ngozi. Jasho la mtu aliyeishiwa damu ni glisirini na maji, linapulizwa kwenye paji la uso baada ya kupaka poda ya kumpausha. Kwa wenye ngozi nyeusi poda nyeupe humfanya mtu aonekane mzimu, na anayejua kazi atakupaka kijivu kidogo, kisha atahangaika na midomo, ndani ya kope na kucha, maana ndiko muuguzi wetu anakotazama akitaka kujua kama mtu amepungukiwa damu.

Damu iliyopikwa kwa sukari au sharubati ni rahisi kutengeneza, na ubaya wake utaujua ukishalala kwenye nyasi. Nzi hawana habari kwamba ni zoezi, na sisimizi nao watakuwa wamekwisha pata taarifa. Ukiwa umeandikiwa kwamba huna fahamu, hutakiwi kujikuna.

Vaa nguo ambazo huzionei uchungu, kwa sababu zitakatwa kwa mkasi. Cheni, pete na simu viache kwa mtu. Kula kabla ya kwenda na unywe maji ya kutosha. Kulala juani tangu saa mbili hadi saa tano huku mgeni rasmi akisubiriwa kumempeleka zaidi ya mmoja kwenye hema la huduma ya kwanza kwa ugonjwa wa kweli. Kama zoezi linahusu kemikali utamwagiwa maji mengi, basi vaa bukta au kanzu nyepesi ndani.

Suala la kukatwa nguo lisemwe mapema, hasa kwa wanawake, na hasa Pwani na Visiwani. Mwanamke aliyevaa buibui ana haki ya kujua kabla ya siku hiyo nani atamgusa, nani atamfunua na wapi. Wapo waandaaji wanaolitatua kwa kuwaweka wanawake wote kwenye kadi za majeraha ya mikono na kichwa. Ni njia ya mkato. Ajali ikitokea kwenye boti ya Unguja, mwokoaji atalazimika kukikagua kifua cha mwanamke mbele ya umati, na kama hajawahi kufanya mazoezi ya kusimamisha shuka za kumsitiri, atafanya moja kati ya mawili: atamdhalilisha, au hatamkagua. Stara iwekwe ndani ya zoezi, pamoja na shuka na wahudumu wa kike, nayo ipimwe kama inavyopimwa kasi ya magari.

Pale zoezi linapoumiza kweli

Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kupima utayari wake kwa shambulio la kigaidi. Ilikuwa miezi minane tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili, ambapo watu 148 waliuawa. Milio ya risasi iliposikika Strathmore, wanafunzi na wafanyakazi wengi waliamini wamevamiwa. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wengi wakaumia. Chuo kiliomba radhi.

Anayetaka kujitolea asome kisa hicho kabla ya kusaini popote. Hoja ya kuwashtukiza watu ina mantiki yake: ukiwaambia siku na saa, utapima maandalizi badala ya utayari. Lakini wanaostahili kushtukizwa ni waokoaji, na hata kwao viongozi wao wanapaswa kujua. Umma haushtukizwi. Majirani, wafanyabiashara wa karibu, hospitali, polisi wa doria na vyombo vya habari huarifiwa mapema, mabango husimamishwa, na kila simu inayopigwa huanza na kumalizika kwa maneno kwamba hili ni zoezi.

Upande wako, dai mambo machache bila haya. Kuwe na neno la usalama, maneno ambayo yakitamkwa kila mtu anasimama kwa sababu sasa kuna mtu ameumia kweli. Kupiga kelele "nisaidieni, naumia!" hakutoshi, kwa kuwa ndivyo kadi yako inavyosema ulie, lazima liwe tamko la pekee, kama "hili si zoezi," linalojulikana hadi kwa dereva wa mwisho. Hakuna sindano ya kweli, hakuna dawa, hakuna kamba ya kuzuia damu kukazwa hadi mwisho. Mwambie mratibu kama una pumu, ujauzito, mzio wa gundi au hofu ya kufungiwa mahali pembamba. Mtu aliyewahi kunusurika ajali halisi aulizwe faraghani, na akisema hapana asibembelezwe. Uliza pia bima ni ya nani. Wengi hupewa chakula cha mchana, maji na nauli, na ni sawa, lakini machela ikikatika wewe ukiwa juu yake, nauli haitatosha.

Halafu picha. Uso wako uliojaa damu ya glisirini ukiingia WhatsApp bila maelezo, kufika saa saba mchana umeshakuwa ajali ya ndege yenye maiti 60, na dada yako mkoani anazimia kwa habari. Usipige, usitume, mpaka zoezi limetangazwa kwisha.

Umati usiomo kwenye kadi

Kasoro kubwa ya mazoezi mengi ninayoyaona ni usafi wake. Majeruhi wamelala kwa mistari, wenye reflekta wanafika, mgeni rasmi anapiga makofi. Aliyekosekana ni mwananchi, na kwenye maafa yetu huyo ndiye anayefika kwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Ziwa Victoria karibu kabisa na Kiwanja cha Ndege cha Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19. Wavuvi waliifikia kwa mitumbwi yao, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa habari kwamba aliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia. Zoezi la kiwanja kilicho kando ya ziwa lisilo na mvuvi hata mmoja linapima ajali ya mahali pengine.

Nairobi nayo ina lake. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 mjini humo na kujeruhi maelfu, wengi kwa vioo, kwa kuwa kishindo cha kwanza kiliwavuta madirishani kabla ya mlipuko mkubwa. Majeruhi walipakiwa kwenye magari ya watu binafsi na kila chombo kilichokuwa na nafasi, wakapelekwa hospitali. Katika hali ya namna hiyo hakuna triaji ya uwanjani. Wanaoweza kutembea, wale wa kijani, hufika hospitali wa kwanza, hujaza benchi na vitanda, na wekundu waliohitaji kuchomolewa kifusini hufika mlango ukiwa umeshaziba. Hospitali inayojiandaa kupokea wagonjwa waliovikwa tepe na kupangwa foleni inajiandaa kwa siku ambayo haitakuja.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchangia kadi, omba kuwa wa kijani mkorofi. Toka uwanjani, dandia bodaboda, nenda hospitali mwenyewe uone mapokezi watakufanyaje. Wengine wawe ndugu, wasio na jeraha lolote ila jina la mtu wanayemtafuta. Mwingine azungumze Kisukuma tu, mwingine asisikie kabisa. Hao hupima mifumo ambayo damu haiigusi.

Yapo pia mazoezi yasiyo na damu kabisa. Kati ya tarehe 11 na 14 Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, iliendesha zoezi la kuvuka mpaka pale Namanga kati ya Kenya na Tanzania, mkasa ukiwa mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusa damu na nyama ya mifugo iliyougua na pia kwa mbu, kwa hiyo anayeigiza mgonjwa wa aina hiyo anabeba hadithi: alichinja mbuzi wa nani, alivuka mpaka siku gani, alilala kwa nani, nani alimuuguza. Afisa wa afya asipouliza kuhusu mbuzi, mgonjwa asimtaje. Tarehe 11 hiyohiyo, Uganda ilithibitisha mgonjwa wa Ebola wilayani Kasese, mtoto aliyevuka na familia yake kutoka Kongo. Namanga walikuwa wakijifunza kuuliza maswali yaleyale ambayo Kasese yalikuwa yanaulizwa kweli.

Baada ya kunawa

Mara zoezi likiisha hufanyika kikao kifupi palepale, kabla watu hawajatawanyika, na baadaye tathmini ndefu ya maandishi. Katika kikao cha palepale wakuu huongea kwanza, na huwa wameona mambo mazuri mengi. Majeruhi huwa wameshapelekwa kwenye chakula. Usikubali. Ulichokiona ukiwa umelala chali hakuna aliyesimama aliyekiona: kwamba waliokubeba walibishana juu ya kichwa chako kama machela itangulie kwa miguu au kwa kichwa, kwamba ndani ya gari hapakuwa na mkanda wa kukufunga, kwamba ulivikwa njano uwanjani ukapokelewa hospitali bila mtu kuitazama, kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyekuuliza jina. Sema kwa saa na kwa mahali, bila kumtaja mtu kwa ubaya. "Nililala karibu na bawa la kushoto, nikasikia gari likifika, na aliyenigusa mara ya kwanza alikuja wakati kivuli cha bawa kimeshanipita" ni taarifa. "Huduma ilikuwa mbovu" ni manung'uniko.

Kisha omba kuona ripoti, au angalau sehemu inayogusa kadi yako. Na kwa kuwa kanuni inataka zoezi la sehemu lifuate ili kuthibitisha marekebisho, waulize waandaaji litafanyika lini, litahusu kasoro zipi, na kama mkanda wa machela umo kwenye orodha. Wakikosa mtu wa kulala kwenye machela hiyo, namba yako ya simu wanayo kwenye fomu.